Kipa Aliyesema Mbili

Jumamosi hiyo Triza alifunga kibanda chake cha mboga saa tatu asubuhi, na hakuna mteja aliyemuuliza sababu. Kayole nzima ilijua. Maveterani wa Kayole walikuwa wanacheza fainali na maveterani wa Komarock, na kipa wa Kayole alikuwa mume wake, Javan Shiundu.

Javan ni fundi wa makochi. Kwa miaka kumi na minne ametengeneza viti kando ya Barabara ya Kangundo. Mkono wa kulia hushika nyundo, mkono wa kushoto huvuta kitambaa mpaka kinyooke. Ana mabega mapana na maneno machache. Ukimuuliza habari, atakujibu, "Iko sawa." Akijigonga na nyundo, husema, "Iko sawa." Mwaka juzi jino lilimuuma wiki mbili, shavu likafura kama andazi, na bado alisema, "Iko sawa, Mama Ayuma. Wacha wasiwasi."

Ayuma ni binti yao wa miaka kumi. Asubuhi hiyo alikuwa amejipaka rangi za timu mashavuni, nyekundu huku, nyeupe huku. Alimvuta mama yake kwa ncha ya leso. "Mama, twende. Tutakosa mahali pa kusimama."

Na kweli walikaribia kukosa. Uwanja ulikuwa umefurika. Watu walikuwa juu ya ukuta, watu walikuwa kwenye veranda za ghorofa za jirani, na vijana wa kanisani walikuwa wamekuja na ngoma za isukuti. Triza si mtu wa kupiga kelele, lakini Kayole walipofunga bao dakika ya ishirini alijikuta amemkumbatia mwanamke asiyemjua.

Kipindi cha pili kilikuwa kigumu. Komarock walishambulia kama nyuki. Mpira wa juu ukaja, Javan akaruka, akaudaka. Alipoanguka, washambuliaji wawili walimwangukia, na mkono wake wa kushoto ukabaki chini, umebanwa kwenye mlingoti wa goli.

Triza aliona mume wake amelala chini. Ngoma zilinyamaza. Kisha Javan akaketi, akainuka, na uwanja mzima ukamshangilia.

Nahodha wa timu, Jackton, alimkimbilia na bendeji. Aliizungusha mkononi kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, akivuta kwa nguvu kama mtu anayefunga gunia la makaa. Refa akauliza, "Utaweza kuendelea?"

"Iko sawa," Javan akasema.

Ilikuwa imebaki dakika moja pale mshambuliaji wa Komarock alipochezewa vibaya ndani ya eneo la hatari. Penalti. Ayuma alifunika macho. Triza alitaka kufunika yake pia lakini mikono ilikataa kusogea. Mpigaji alirudi nyuma hatua tano, akaja, akapiga. Javan aliruka upande wa kulia na kuupangua mpira kwa mkono mmoja.

Watu waliingia uwanjani hata kabla ya kipenga. Walimbeba Javan juu juu, wakiimba jina lake. Katika ule umati wa furaha, Triza aliona kitu kimoja ambacho wengine hawakukiona. Javan alikuwa anacheka kwa mdomo tu. Macho yake hayakucheka.

Zawadi ya fainali ilikuwa mbuzi. Jackton ana kibanda cha nyama choma, kwa hiyo timu nzima ilihamia kwake. Moshi ulipanda, hadithi ya penalti ikasimuliwa mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila aliyesimulia aliongeza chumvi yake. Javan aliketi kwenye kona, mkono wa kushoto umelala juu ya paja.

Saa nane Triza alimpelekea sahani ya nyama. Baada ya nusu saa sahani ilikuwa vilevile. Alikuwa amekunywa supu nusu kikombe tu. Kivulini pale, jasho lilikuwa linamtiririka.

"Baba Ayuma, mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hebu nione huo mkono."

"Iko sawa."

Triza alichuchumaa akautazama. Vidole vilivyojitokeza kwenye bendeji vilikuwa vimefura na kung'aa. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye nyama.

Jackton alikuja na kisu cha kukatia nyama mkononi. "Shemeji, muache simba apumzike. Nimempa vidonge viwili vya maumivu. Kesho atakuwa fiti."

Triza alimgeukia mume wake, "Inuka twende hospitali."

Javan akainuka, na hapo ndipo Triza aliogopa kweli. Katika miaka yote ya ndoa yao, Javan hakuwahi kukubali kwenda hospitali bila kubishana. Ayuma aliachwa kwa jirani yao, Ndindi, nao wakachukua tuktuk.

Idara ya dharura ilikuwa imejaa. Palikuwa na mama mwenye mtoto anayelia, mzee anayekohoa, na dereva wa boda boda aliyechubuka uso. Mlangoni, nyuma ya meza, aliketi muuguzi mmoja mfupi, ana saa iliyobandikwa kifuani. Kitambulisho chake kilisema Lenah. Kazi yake ilikuwa kumtazama kila anayeingia na kuamua nani ahudumiwe kwanza.

"Hapa hatufuati nani ametangulia kufika," aliwaambia watu kwenye benchi. "Tunafuata nani yuko kwenye hatari zaidi. Kwa hiyo nikiwauliza jambo, niambieni ukweli."

Zamu ya Javan ilifika. Lenah alimpima shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Kisha akauliza, "Baba, sifuri ni kwamba huna maumivu hata kidogo. Kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kufikiria. Wewe uko wapi?"

Javan alitazama ukuta. "Mbili."

Kalamu ya Lenah haikuandika. "Mbili?"

"Mbili. Iko sawa, sista."

Triza alihisi maneno yakimpanda kooni. Alikuwa amelelewa kwamba mke hamsahihishi mume wake mbele ya watu. Lakini alikitazama kile kidole chenye pete, akasema, "Sista, Baba Ayuma akikuambia mbili, jua si mbili. Huyu aliwahi kukaa na jino bovu wiki mbili akisema iko sawa. Leo ameshindwa hata kula nyama."

Watu wawili kwenye benchi walicheka. Javan alimkata jicho. Lenah hakucheka. Alisogeza kiti chake karibu.

"Baba Ayuma, si ndivyo unaitwa? Sikiliza. Mimi sipimi ushujaa wako. Ushujaa nauona, umekuja na jezi yenye vumbi. Mapigo ya moyo wako ni mia moja na kumi na nane. Umeuma meno tangu uketi. Jasho linakutoka na feni iko juu yako. Mwili wako unaniambia jambo moja na mdomo wako unaniambia lingine."

Javan aliutazama mkono wake.

"Ile namba inanisaidia mimi," Lenah aliendelea. "Inaniambia nikupe dawa gani, na haraka kiasi gani. Inaniambia pia kama kuna jambo baya linaendelea ndani ambalo macho yangu hayalioni. Ukisema mbili, nitakuambia ukae pale kwenye benchi usubiri. Unaweza kusubiri saa tatu. Sasa nikuulize tena. Ukiwa umetulia bila kuusogeza mkono, uko wapi?"

Javan alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Tisa."

"Na ukiusogeza?"

"Siwezi kuusogeza."

Triza alishika meza. Tisa. Tangu saa sita, kwenye nyimbo zote zile, Javan alikuwa ameketi na tisa peke yake.

"Asante kwa kuniambia ukweli," Lenah alisema, na tayari alikuwa amesimama. Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Javan alipelekwa kitandani. Lenah alichukua makasi na kuikata ile bendeji yote, kuanzia juu hadi chini. Mkono ulikuwa umejaa, ngozi imevutika. Alipaka jeli kwenye kidole, akaizungusha pete taratibu mpaka ikatoka, akamkabidhi Triza. Aliuweka mkono juu ya gango laini, akaufunga kwa ulegevu, ili mifupa isisogee.

"Hata hii ni dawa ya maumivu," alimweleza Triza. "Mfupa uliovunjika ukisogea, unachoma. Ukitulizwa, maumivu yanapungua kabla hata ya sindano. Lakini bendeji isibane. Vidole vikianza kufura au kufa ganzi, bendeji ifunguliwe na mtu aje hospitali upesi."

Kisha maswali yakaja mfululizo. Kuna dawa yoyote inayomdhuru? Ana pumu? Ana vidonda vya tumbo? Amekunywa pombe? Amekula nini, na saa ngapi?

"Ana vidonda vya tumbo," Triza alisema. "Na amepewa vidonge viwili na rafiki yake. Sijui ni vya nini."

"Mpigie simu huyo rafiki akusomee jina kwenye pakiti."

Jackton alipokea, kelele za sherehe zikisikika nyuma yake. Alisoma jina herufi kwa herufi. Ilikuwa diklofenaki.

Lenah aliandika. "Hiyo huwa inachokoza vidonda vya tumbo. Ningemwongezea nyingine ya aina hiyo bila kujua, tungemletea shida nyingine. Mama, ukija hospitali, beba kila pakiti ya dawa aliyomeza mgonjwa. Hata kama ni ya kuazima. Hasa kama ni ya kuazima."

Daktari wa zamu alikuwa kijana mrefu aliyeitwa Shire. Aliutazama mkono, akaagiza picha ya eksirei, na akaandika morfini kwa njia ya mshipa. Triza alilisikia lile neno, akamvuta Lenah kando.

"Sista, morfini si ndiyo hupewa watu walio karibu kufa?"

"Hupewa mtu mwenye maumivu makali, mama. Awe anakufa au awe amevunjika mkono akidaka mpira."

"Na hatakuwa mraibu?"

"Kwa maumivu kama haya, kwa muda mfupi, kwa kipimo cha hospitali, hatari hiyo ni ndogo sana. Nitampa kidogo kidogo, nikiangalia anavyopumua. Sitaondoka hapa mpaka nione inavyomkaa."

Javan aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Hata sasa alikuwa anatafuta njia ya kukwepa. "Sista, tungengoja kwanza. Nimesikia dawa ya maumivu inaficha ugonjwa. Daktari atashindwa kuuona."

"Wengi wamesikia hivyo," Lenah alisema, akisafisha ngozi kwa pamba. "Lakini mtu aliyepungukiwa na maumivu anaguswa vizuri na anajieleza vizuri. Na kama kuna jambo kubwa ndani, litapiga kelele hata juu ya dawa. Vuta pumzi polepole. Toa. Tena."

Dawa iliingia. Triza alimtazama mume wake usoni. Kwanza mabega yalishuka. Halafu taya ikalegea. Baada ya dakika kumi na tano Lenah aliuliza tena, na Javan akafikiri kidogo kabla ya kujibu.

"Tano."

"Vizuri. Tano nimeiandika." Lenah alimgeukia Triza. "Sasa nina kazi ya kukupa. Mimi nitakuwa hapa na pale, kuna wagonjwa wa ajali wanaletwa. Namba yake ikianza kupanda badala ya kushuka, niite. Vidole vikifa ganzi au vikichomachoma, niite. Akisinzia mpaka umwamshe asiamke, niite. Usiseme unanisumbua. Ukiniita, unanisaidia kazi."

Picha ya eksirei ilionyesha mifupa yote miwili ya mkono wa chini imevunjika. Triza aliitazama kwenye skrini. Mkono huo ndio aliobaki nao golini dakika za mwisho za fainali. Hakujua acheke au alie.

Wakarudi kitandani kungoja. Kulikuwa na pilikapilika upande wa pili wa pazia. Ajali ilikuwa imeletwa, na viatu vya wauguzi vilisikika vikikimbia. Triza aliketi karibu na Javan, pete mfukoni.

Ilipokaribia saa kumi na moja aliona taya ya mume wake imeanza kukaza tena.

"Uko wapi sasa?" aliuliza.

"Sita hivi."

Dakika chache zikapita. Jasho likarudi kwenye paji la uso.

"Javan."

Huwa hamwiti kwa jina ila kuna jambo. Javan alifumba macho. "Nimeshapewa dawa kubwa, Triza. Nikisema bado inauma, wataniona mtu wa aina gani?"

"Sema namba."

"Nane. Inapanda. Na vidole vinachomachoma kama nimekalia mkono."

Triza alifungua pazia. Lenah alikuwa ameinama juu ya mtu mwenye damu kichwani. Kwa sekunde moja Triza alisita. Yule ana damu, huyu hana. Nani atamsikiliza? Halafu akakumbuka alichoambiwa, akaenda moja kwa moja.

"Sista, imepanda. Ilikuwa tano, sasa ni nane, na vidole vinachomachoma."

Lenah aliinua kichwa mara moja. Alimwachia mwenzake kazi, akabadilisha glavu huku anatembea. Aliugusa mkono wa Javan. Ulikuwa mgumu kama ubao. Kisha akashika kidole cha kati na kukinyoosha, polepole sana.

Javan alipiga yowe. Idara nzima ilisikia. Triza alikuwa ameishi na mtu huyo miaka kumi na miwili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilia kwa maumivu.

"Muite Daktari Shire," Lenah alimwambia mwenzake. "Sasa hivi."

Daktari alifika karibu anakimbia. Alirudia kukinyoosha kidole, akamtazama Lenah, wakaelewana bila kusema. Alivuta kiti akaketi usawa wa macho ya Javan.

"Nimeambiwa wewe ni fundi wa makochi."

"Ndiyo, daktari."

"Basi utanielewa upesi kuliko wengine. Fikiria foronya ya kitambaa kisichovutika. Ndani kuna sponji, na sponji inaendelea kufura. Itaenda wapi?"

"Itajibana yenyewe," Javan alisema kwa tabu.

"Ndivyo mkono wako ulivyo. Misuli imefungwa ndani ya ala isiyovutika. Umeumia, imefura, na sasa imejibana mpaka damu haipiti vizuri. Misuli isiyopata damu huanza kufa ndani ya saa chache. Tukichelewa, vidole havitashika tena kitu. Tunakupeleka chumba cha upasuaji tufungue hiyo foronya. Mfupa tutaushughulikia hapo hapo. Unakubali?"

Javan alimtazama mke wake. Triza aliitikia kwa kichwa. Javan akatia sahihi kwa mkono wa kulia.

Triza alikuwa hajawahi kuona watu wakifanya kazi vile. Huyu anapiga simu kwa daktari wa upasuaji, yule anachukua damu, mwingine anafungua milango. Lenah alimwongezea Javan dawa ya maumivu ili asiteseke wakati wa kungoja, akamwambia kila alichokuwa anafanya kabla ya kukifanya. Kitanda kilianza kusukumwa. Triza alikimbia pembeni yake kwenye ukumbi mrefu, leso ikimdondoka, hana habari. Moyo ulimpiga kama ulivyompiga pale uwanjani, na ndani ya hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitarajia. Watu hawa walikuwa wanashindana na saa kwa ajili ya mkono wa mume wake, na walionekana kabisa ni watu waliozoea kushinda.

Saa mbili kasoro daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye miwani, alitoka akivua kofia.

"Misuli ni mizima," alisema. "Tulipoifungua tu, rangi ilirudi. Mifupa tumeinyoosha na kuifunga kwa vyuma vidogo. Jeraha tutaliacha wazi kwa siku chache chini ya bendeji safi, uvimbe ukishuka tulifunge. Lakini nikuambie ukweli, mama. Angekaa kwenye benchi saa tatu au nne zaidi, mazungumzo yetu yangekuwa mengine."

Triza alitaka kusema asante. Badala yake aliketi kwenye sakafu ya ukumbi na kucheka, machozi yakimtoka, mpaka daktari naye akaanza kucheka.

Asubuhi ya Jumapili alikuja wodini na uji kwenye chupa. Ayuma alikuwa naye, rangi za timu bado zimebaki kidogo nyuma ya masikio. Javan alikuwa ameketi. Ncha za vidole zilikuwa nje ya bendeji, zina rangi ya uhai.

"Baba, visogeze," Ayuma alisema.

Javan aliinamia vidole vyake kama mtu anayesoma barua. Kimoja kikacheza. Cha pili kikacheza. Vyote vitano vikacheza. Ayuma alipiga makofi, na wagonjwa wa wodi nzima wakageuka.

Kitanda cha jirani kililaliwa na mzee aliyeitwa Maingi. Aliteleza kwenye ngazi, akavunja mfupa wa paja. Muuguzi wa wodi alipopita na daftari lake, alimuuliza, "Mzee, maumivu ni ngapi leo?"

"Kidogo tu, binti yangu. Usijali. Tatu."

Javan aliweka kikombe cha uji chini.

"Mzee wangu, samahani kukuingilia," alisema. "Usiku kucha nimekusikia ukihema. Umeshika chuma cha kitanda mpaka alfajiri. Hiyo haiwezi kuwa tatu."

Mzee Maingi alimtazama kwa mshangao. "Kijana, sisi tumezoea kuvumilia."

"Hata mimi jana nilizoea. Nilisema mbili. Mke wangu huyu hapa akanikosoa mbele ya watu, nikamkasirikia. Leo nina vidole vitano. Mwambie sista ukweli. Ile namba ndiyo inayomwonyesha afanye nini."

Mzee akamgeukia muuguzi na kumwambia, taratibu kama mtu anayetua mzigo, "Ni nane, binti yangu. Tangu jana ni nane."

Muuguzi alirudi na dawa. Kabla ya saa sita mchana mzee Maingi alikuwa amelala usingizi wake wa kwanza tangu aletwe.

Jioni ile Jackton alikuja na wachezaji sita. Walijaa kando ya kitanda, wakiwa na nyama iliyofungwa kwenye gazeti. Jackton hakuwa na utani wake wa kawaida. "Shemeji," alimwambia Triza, "mimi ndiye niliyeifunga ile bendeji. Na vile vidonge."

"Hukujua," Triza alisema. "Hata sisi hatukujua."

"Basi nifundishe."

Triza alimfundisha, pale pale, timu yote ikisikiliza. Mkono au mguu ulioumia utulizwe usisogee, lakini usikazwe. Pete na saa zivuliwe mapema. Vidonge vya kuazima visigawiwe kama njugu. Maumivu yakizidi kupanda baada ya kufunga au baada ya dawa, watu wasingoje kesho. Na mtu akiulizwa hospitali anaumwa kiasi gani, aseme kilicho kweli, asipunguze na asiongeze. Jackton aliandika kwenye simu. Alimwalika hata Lenah aje mazoezini kuzungumza na timu, na Lenah akaja Jumamosi iliyofuata akiwa amevaa raba, akawafunza saa nzima.

Javan alirudi nyumbani baada ya siku tisa, jeraha likiwa limeshafungwa. Lenah alikuwa amemweleza Triza kwamba dawa za nyumbani zimezwe kwa saa zilizoandikwa, bila kungoja maumivu yafike juu ndipo aanze kukimbizana nayo. Kabla ya mazoezi ya vidole Javan alimeza dawa, akangoja nusu saa, kisha akakunja na kukunjua. Kila asubuhi Ayuma alimuuliza namba na kuiandika kwenye kalenda ya ukutani. Sita. Tano. Tano. Nne. Siku moja ilipanda mpaka saba, na jeraha lilikuwa na joto. Walirudi kliniki siku hiyo hiyo. Uchafu ulikuwa umeanza kuingia, ukatibiwa kabla haujaenea.

Kufika mwezi wa nne baada ya upasuaji Javan alifungua tena karakana yake. Kochi la kwanza lilikuwa la mteja wa Komarock, ambaye alisema amemsamehe kwa ile penalti. Triza alimletea chakula cha mchana, akamkuta amepiga goti, mkono wa kushoto umeshika kitambaa cha kijani na kukivuta. Ulitetemeka kidogo, lakini ulishika.

"Unaumwa?" Triza aliuliza.

Javan alifungua mdomo kwa haraka ya zamani, kisha akaufunga. Alikunja vidole, akavikunjua, akafikiri.

"Nikivuta ni tatu," alisema. "Nikiacha ni sifuri. Wacha nipumzike kwanza, nimalizie baadaye."

Akaiweka nyundo chini, akaketi kwenye kochi la mteja, na kumwachia Triza nafasi ya kukaa.